Gari Halijiendeshi

Ijumaa, saa mbili usiku, Sunderland.
Foleni imepinda kona hadi duka la chipsi
na mvua inanyesha, ile ya hapa, isiyo na haraka.
Mimi kazi yangu kuchana tiketi.
Nachana, nasema karibu, nachana,
na mbele yangu zinapita fulana nyeusi
zilizofuliwa hadi zikawa rangi ya majivu,
vitambi vimezijaza palipokuwa na mbavu,
na kifuani, kwa herufi zilizobanduka nusu,
jina la bendi, ambalo kwa lugha yangu
nimelitafsiri mwenyewe: Wazima-Taa.

Miaka thelathini na moja wameingoja filamu hii.

Dakika kumi hazikutimia.
"Gitaa lile lilikuwa jekundu!"
Huyo Clive Stobbart, safu ya tatu,
kwa sauti ya mtu aliyeibiwa baiskeli.
"Wimbo huu waliurekodi Februari, mabomba yameganda,
mbona hawa wamevaa mashati ya mikono mifupi?"
"Na huyo mpiga besi, nani kampa meno mazuri hivyo?"
Shh, wakaambiana. Shh, wakanong'ona zaidi.
Nimesimama mlangoni na tochi yangu
nikaelewa: hii si sinema,
ni harusi ambayo kila shangazi amekuja kukagua pilau.

Lakini ulipofika ule wimbo wa polepole,
ambao hata mimi, mgeni wa juzi, nimeuzoea
kwa kinyozi, dukani, na siku walipomzika jirani yangu,
ukumbi ulinyamaza kama nyumba iliyokatiwa umeme.
Clive Stobbart alivua miwani.
Hakuifuta. Aliishika tu.
Mwigizaji hakufanana, sauti ilikuwa ya kubandikwa,
gitaa bado la samawati,
na mtu mzima analilia gitaa la samawati.

Kisha gari. Lile kuukuu lililokuwa la mikate,
lililowabeba Leeds, Glasgow, Cardiff,
mlango umefungwa kwa kamba.
Usiku, barabara kuu, taa zinameta,
wanne nyuma wanacheka, wanagombana, wanatunga,
na kamera haigeuki mbele hata mara moja.

Ilipoisha hakuna aliyeondoka.
Majina yakapanda, madogo, meupe,
mbio kama sisimizi waliomwagiwa maji:
aliyeshona, aliyepaka poda, aliyepika, aliyemshika mbwa.
Safu ya nane mama mmoja kasimama, kidole hewani,
anafuata mstari kwa mstari
kama mtoto wa chuoni na juzuu yake.
Yakaisha. Akanijia.
"Mwanangu, waweza kuyarudisha?
Nadhani nilipepesa."
Unamtafuta nani?
"Wilf. Wilf Hetherington. Ndiye aliyekuwa akiendesha.
Miaka kumi na moja."

Kwetu husema asiyekuwepo na lake halipo.
Sikumwambia.
Methali nyingine ni kweli isiyo na adabu.

Mashine siku hizi hairudishi, hufuata ratiba.
Nikamsindikiza nje, chini ya kibaraza,
ambapo wenye fulana walikuwa wakila chipsi na kuichambua filamu
mfupa kwa mfupa, siki ikiwatiririka viganjani.
Nikalitaja jina lake tu.
Clive akaacha kutafuna.
"Wilf? Wilf alinipa lifti kutoka Carlisle!
Nilikuwa na miaka kumi na sita, na shilingi sina.
Alininunulia pai. Akanikaripia njia nzima."
Mwingine akakumbuka kofia yake. Mwingine, filimbi yake ya kinywa,
kwamba akipiga mluzi nje ya ufunguo bendi nzima hupiga kelele.
Kila mmoja akadai alimjua.
Wawili, nadhani, walidanganya.
Mama alisikiliza wote, wakweli na waongo,
na chipsi za watu alikula bila kuuliza.

Onyesho la saa nne nilisimama tena mlangoni.
Gari lilipotokea sikuwatazama wale wanne.
Nilitazama kioo cha mbele: giza.
Ila kabla ya kona
taa za nyuma ziliwaka, nyekundu,
kidogo, kisha zikazimika.
Pale pana mguu.